BATUMBULA: jina la kitu kisichokuwako, na mambo yaliyokuwako

Katika lugha zetu kuko maneno ya vitu ambavyo jicho linaona: jembe, nyumba, muto, mukuba. Kuko vilevile maneno ya vitu vya kuwaza, vitu ambavyo mutu hawezi kuvishika mukononi, lakini kila mutu anavijua. Wakati bibi anasimulia mangaribi kwamba kalulu aliongea na simba, mutoto wa miaka sita anacheka, maana anajua kwamba ni hadisi. Hakuna mutu aliyefunga mulango wake juu ya kuogopa kalulu.

Lakini kuko maneno mengine ya vitu vya kuwaza ambayo hayakubaki kando ya moto pamoja na watoto. Watu wazima waliyaogopa, walibadilisha njia juu yake, hata waliacha kazi juu yake. Katika Katanga yetu, neno kubwa la namna hiyo ni mutumbula, na wingi wake batumbula. Vijana wengi leo wanalisikia na kucheka. Wazee wengine wanalisikia na kunyamaza. Sisi tunaofundisha historia tunaona kwamba kucheka hakutoshi, na kunyamaza hakutoshi. Katika kurasa hizi tunataka kueleza neno hili lilikuwa na maana gani, lilitumika namna gani, na sababu gani inafaa tulijue vizuri, maana mambo ya namna yake hayajaisha.

1. Neno lenyewe

Tuanze na sarufi kidogo. Kiswahili cha pwani kina kitenzi kutumbua. Maana yake ni kupasua kitu kilichojaa ili kilichomo ndani kitoke: mutu anatumbua jipu, anatumbua samaki na kutoa matumbo. Mwenye masikio atasikia ndani yake neno tumbo. Kwetu huku, maneno mengi ambayo pwani walipoteza sauti ya «l» yanaibakisha, kama vile inavyobaki katika lugha za mababu zetu. Wao wanasema kufungua, sisi tunasemaka kufungula. Wao wanasema kupasua, sisi kupasula. Kwa hiyo kutumbula si neno geni hata kidogo. Na kwa kuwa sisi tunasema mutu na batu pahali pa mtu na watu, mwenye kufanya kazi hiyo ni mutumbula, na wenzake ni batumbula.

Basi, kwa kufuata sarufi, mutumbula ni mwenye kupasua, mwenye kufungula tumbo la mwenzake. Neno lilizaliwa katika lugha ya kazi na ya jikoni, lugha ya kisu na nyama. Halikutoka katika lugha ya mizimu wala ya miungu. Mutumbula si roho, si muzimu wa babu, si mulozi anayeruka usiku. Ni mutu kama wewe na mimi, mwenye miguu miwili, mwenye kazi, mwenye kulipwa mushahara. Jambo hili tulishike tangu mwanzo, maana bila hilo hatutaelewa hadisi.

2. Hadisi ilisema nini

Hadisi ilikuwa na sura nyingi, lakini mifupa yake ilikuwa mimoja. Usiku, mutu anatembea peke yake. Anakutana na watu asiowajua. Wale wanamugusa kwa dawa au kwa kitu fulani, na yeye anapoteza sauti na akili. Hawezi kupiga kelele, hawezi kukimbia. Wanamupeleka katika nyumba ya muzungu au pahali pa kazi, wanamufungia katika shimo au katika chumba kilicho chini ya nyumba. Pale anapewa chakula kingi kila siku. Ananona. Anasahau jina lake na lugha yake, anakuwa kama nyama ya kufugwa. Siku ikifika, wazungu wanamukula.

Tuangalie kazi ilivyogawanywa. Mwenye kula ni muzungu. Mwenye kukamata ni Mwafrika. Batumbula wenyewe walikuwa weusi, watu wa hapahapa, wanaofanya kazi ya usiku kwa ajili ya bwana. Mara nyingi hadisi haikusema kwamba muzungu mwenyewe alitembea mu njia za cité na kamba mukononi. Alikaa nyumbani kwake, akangoja.

Mwaka 1965, mutu anayeitwa André Yav aliandika kitabu kidogo cha historia ya Elisabethville kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu, wale tuliowaita «boyi». Kitabu hicho kiliandikwa katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, namna watu walivyoongea, bila kufuata sheria za kitabu cha shule. Mwalimu Johannes Fabian alikitangaza pamoja na mafasirio yake mwaka 1990. Batumbula wamo ndani yake. Kwa mwandishi huyo hawakuwa hadisi ya watoto. Aliwaweka katika historia ya muji, pamoja na mambo mengine ambayo wafanyakazi waliteswa nayo. Ndiyo maana tunasema: neno hili ni la historia, hata kama kitu chenyewe hakikuwako.

3. Majirani walikuwa na majina yao

Watu wengine wanafikiri kwamba hadisi hii ni ya Wakatanga tu. Hapana. Ngambo ya Luapula, katika inchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini na leo ni Zambia, watu walisema banyama, yaani watu wa nyama. Mwanahistoria Mwelwa Musambachime aliandika mwaka 1988 juu ya hofu hiyo, tangu mwaka 1930 mupaka mwaka wa uhuru wa Zambia, 1964. Wafanyakazi walikuwa wanavuka mupaka kwenda na kurudi katika migodi ya pande mbili, na hadisi ilivuka pamoja nao.

Katika Nairobi na Kampala watu waliogopa wazimamoto, maana walisema kwamba wale wa kuzima moto na gari lao wanachukua damu ya watu. Pwani, neno ni mumiani. Hilo ni neno la zamani lililotoka Uajemi: kwanza lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, ya kuponyesha vidonda na mifupa iliyovunjika. Kisha watu wakasema kwamba dawa hiyo inatengenezwa kwa damu ya watu, na mwisho jina la dawa likawa jina la mutu anayenyonya damu. Na hapa kwetu Kongo, upande wa Yakusu karibu na Kisangani, watu walisimulia juu ya nyama ya mukebe: walisema ndani ya mikebe ya wazungu kuko nyama ya watu.

Luise White, aliyekusanya hadisi hizi za Afrika ya mashariki na ya kati katika kitabu kilichotoka mwaka 2000, alionyesha kwamba hazikuwa ujinga wa kijiji kimoja. Zilifuata barabara, reli, migodi, hospitali na magari. Lakini tuone tofauti moja: mashariki walisema sana juu ya damu, sisi tulisema juu ya nyama na kula. Sababu gani? Tunafikiri jibu liko katika mambo ambayo watu wa Katanga waliyaona kwa macho.

4. Mambo yaliyokuwako

Kwanza, hofu ya kuliwa na wazungu ilikuwa ya zamani kuliko migodi. Katika karne ya 18, upande wa Angola na wa bahari ya magharibi, watu waliouzwa kama watumwa waliamini kwamba wanapelekwa ngambo kwa kuliwa. Walisema divai nyekundu ya wazungu ni damu, jibini ni ubongo, mafuta ni mafuta ya watu, na baruti ni mifupa iliyochomwa na kusagwa. Tusicheke. Watu walipanda mashua kwa maelfu na hakuna hata mumoja aliyerudi kueleza. Mutu anayeondoka na kutorudi, lugha zetu zinasema ameliwa.

Pili, watu waliona Waafrika wanaotumwa na wazungu kukamata wenzao. Katika Kasai, mwaka 1899, serikali ya Leopold wa Pili ilituma askari walioitwa Zappo Zap kukusanya kodi. Muchungaji William Sheppard, Mumarekani mweusi wa misioni ya Presbiteri, alifika katika kambi yao na kuhesabu mikono ya kuume 81 iliyokatwa na kukaushwa kwenye moto. Habari hiyo aliiandika, ikajulikana Ulaya na Marekani. Hatusemi kwamba neno batumbula lilizaliwa siku ile. Tunasema tu kwamba mutu mweusi mwenye kisu, aliyetumwa usiku na bwana mweupe, hakuwa kitu cha kuwaza kwa wazazi wa wale waliokuja baadaye kufanya kazi Katanga kutoka Kasai na Lomami.

Tatu, kazi yenyewe. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, na mwaka ule ule ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, kampuni ya kutafuta wafanyakazi. Watu wake walipita vijijini, wakaongea na wafumu, wakarudi na vijana. Wengine walikubali juu ya kodi, wengine walipelekwa kwa nguvu. Katika miaka ile ya kwanza vifo vilikuwa vingi katika kambi: nimonia, kuhara, homa ya matumbo, na mwaka 1918 mafua makubwa yaliyozunguka dunia nzima. Kule kijijini mama alijua jambo moja tu: mutoto wake aliitwa na mutu mweusi mwenye karatasi, akaenda kwa wazungu, hakurudi.

Inne, chakula. Kuanzia mwaka 1927 na 1928, Union Minière ilibadilisha mupango. Ilitaka wafanyakazi wakae muda mrefu pamoja na wake na watoto wao. Kampuni ilitoa nyumba, posho, hospitali, shule. Watoto walipimwa uzito, wamama walipewa maziwa na unga. Wenyewe walisema kwamba kazi ni baba na kazi ni mama. Kwa upande mumoja huo ulikuwa uzuri, na wazee wa Gécamines mupaka leo wanaulilia. Lakini tufikiri kama mutu wa kijiji aliyefika siku ya kwanza. Kwetu, nani anapewa chakula kila siku, anapimwa uzito, anafungiwa ndani ya uzio, na hajui siku atakayotoka? Mbuzi na kuku. Hadisi ya batumbula inasema mutu ananoneshwa kabla ya kuliwa. Nani anaweza kusema kwamba mwenye kusimulia hivyo hakuangalia kambi vizuri?

Tano, waganga wa serikali. Katika vita juu ya ugonjwa wa malale, watu walipangwa mustari kijiji kizima, walichomwa sindano shingoni, wengine walitolewa maji ya uti wa mugongo, na wagonjwa walipelekwa mbali. Kazi hiyo iliokoa maisha ya watu wengi. Lakini ilifanywa bila maelezo ya kutosha, na askari akiwa kando.

Sita, usiku. Katika muji, Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku mu sehemu ya wazungu bila karatasi. Kati ya muji wa wazungu na Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, waliacha pahali patupu. Boyi aliyetoka kazini giza likiwa limeshaingia alipita pale peke yake. Hadisi inamuweka mutumbula hasa pahali kama pale.

Na mwisho, damu iliyomwagika waziwazi. Katika vita ya pili ya dunia, kazi za lazima ziliongezwa, vitu vilipanda bei, mishahara haikufuata. Mwezi wa 12 mwaka 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9, katika kiwanja cha mupira cha Elisabethville, askari walifyatulia watu risasi. Makumi ya watu walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi, mukarani aliyesema kwa ajili ya wenzake. Baada ya siku ile, ukimwambia mutu wa kambi kwamba wazungu hawawezi kukula watu, angekuangalia tu.

5. Kula ni nini?

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye neno kula, maana ndilo ufunguo. Katika lugha zetu nyingi, kula si kutafuna tu. Mufumu «anakula» ufalme siku anapoupokea. Mwenye kuiba feza za ofisi, tunasema amekula. Mwenye kushinda mali ya mwenzake mu mashindano, amekula. Na kwa habari ya shaba, mafundi wa zamani wa Katanga, kabla ya muzungu kufika, walisema juu ya kazi yao kwamba ni «kula mukuba», yaani kupata faida na heshima katika shaba. Mgr de Hemptinne, aliyeandika juu yao mwaka 1926, aliwaita kwa Kifaransa «wala shaba».

Sasa tulinganishe. Zamani za mababu, mutu alikula mukuba. Ilipofika Union Minière, mukuba ulitoka chini kwa wingi kuliko zamani, lakini mwenye kuuchimba hakuula. Aliula mwingine. Na yule mwenye kuchimba alirudi nyumbani na kifua kibaya, au hakurudi. Basi mambo yaligeuka: pahali pa mutu kula mukuba, mukuba ulikula mutu. Mutu ambaye hakusoma hesabu za kampuni hawezi kuandika kitabu cha uchumi. Lakini aliweza kusema: «Kule beko banakula batu.» Kama tunafasiri maneno hayo neno kwa neno, ni uongo. Kama tunayasikia katika lugha yetu wenyewe, si uongo wote.

Rik Ceyssens, aliyeandika juu ya mutumbula mwaka 1975, aliiita hadisi hii hekaya ya mwenye kuonewa. Tunakubaliana naye, lakini tunaongeza neno moja. Mwenye kuonewa hakuangalia tu juu, kwa bwana. Aliangalia na kando, kwa ndugu yake. Hadisi inauliza swali ambalo bado linauma: nani kati yetu aliwapeleka wengine?

6. Neno lilitumika namna gani

Kwa hiyo tunaona matumizi mane ya neno hili.

La kwanza ni kuonya. «Usitembee usiku, batumbula beko mu njia!» Mama alimuzuia mutoto, bibi alimuzuia mume asikawie mu bar. Usiku ulikuwa na hatari za kweli: polisi, wezi, walevi. Neno moja lilitosha pahali pa maneno kumi.

La pili ni kueleza. Mutu amepotea, hakuna barua, hakuna kaburi. Jamaa haiwezi kukaa bila jibu. Neno lilijaza pahali patupu.

La tatu ni kusema bila kukamatwa. Boyi hakuweza kumusema bwana wake waziwazi. Lakini wakiwa wao kwa wao, waliweza kusimulia juu ya nyumba fulani yenye chumba chini, ambapo mulango haufungulwi. Kila mutu alielewa kwamba nyumba ile si nzuri kwa kazi.

La inne ni kushitaki mwenzako. Fulani amenunua kinga, amejenga nyumba ya matofali, anarudi usiku: amepata wapi feza? «Ni mutumbula.» Kapita, polisi, mutafutaji wa wafanyakazi, hata mutumishi wa hospitali, wote waliweza kuitwa jina hilo.

Matumizi matatu ya kwanza yalisaidia watu kuishi. La inne ni hatari.

7. Jina linapomupata mutu

Tofauti ya kalulu na mutumbula ni kwamba hakuna mutu anayeweza kushitakiwa kuwa kalulu. Mutumbula ana sura ya mutu. Kwa hiyo neno linatafuta mutu wa kumukalia, na mara nyingi linamupata aliye peke yake: mugeni, muchuuzi asiye na jamaa, mugonjwa wa akili, mutumishi aliyetumwa kutoka mbali.

Si mambo ya wakoloni tu. Katika Malawi, mwezi wa 9 na wa 10 mwaka 2017, habari za wanyonya damu zilienea katika wilaya za kusini. Makundi ya watu yaliua watu kadhaa, na Umoja wa Mataifa uliondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Hakuna munyonya damu hata mumoja aliyepatikana. Waliokufa walipatikana.

Na hapa inchini mwetu tuliona mambo yanayofanana, hata kama jina la batumbula halikutajwa. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018. Watu wa Beni na Butembo walikuwa wameshazika wafu wengi miaka mingi juu ya mauaji ya makundi yenye silaha, na msaada haukufika. Sasa, kwa ugonjwa mumoja, magari mengi yakafika na feza nyingi. Watu wakauliza: sababu gani leo? Kisha, tarehe 26 mwezi wa 12, tume ya uchaguzi ikasema kwamba Beni, Butembo na Yumbi watapiga kura mwezi wa 3 mwaka 2019. Kwa Beni na Butembo, Ebola ilikuwa kati ya sababu zilizotolewa. Lakini rais mupya aliapa mwezi wa kwanza. Hapo wengi wakasema kwamba Ebola ni biashara, ni mupango wa kuwamaliza. Vituo vya matibabu vikashambuliwa. Tarehe 19 mwezi wa 4 mwaka 2019, daktari Richard Mouzoko, mutu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia, aliuawa katika hospitali huko Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kuisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 2287 walikuwa wamekufa.

Musomaji aone jambo lile lile tuliloliona katika Elisabethville. Malalamiko yalikuwa na mizizi ya kweli: watu waliachwa bila ulinzi, kisha wakanyimwa kura. Lakini jibu lililotolewa lilikuwa la kuwaza, na pigo lilimuangukia daktari ambaye hakumunyima mutu kura wala hakuleta vita. Hapo hofu inamusaidia nani? Aliyefanya mabaya anabaki nyumbani kwake, kama yule bwana wa hadisi, na wadogo wanauana njiani.

8. Tufanye nini na neno hili?

Wazazi wengine wanatuambia: «Mwalimu, usiwafundishe watoto mambo ya batumbula, ni ushenzi.» Wengine wanatuambia: «Mwalimu, usiseme hawakuwako, babu yetu aliwaona.» Tunawaheshimu wote wawili, lakini tunawajibu hivi.

Kwa wale wa kwanza: ushenzi ni neno ambalo mukoloni alitupa. Tusisahau kwamba yeye naye alikuwa na batumbula wake. Vitabu vya Ulaya vya wakati ule vilijaa picha za Waafrika wanaokula watu, na picha hizo zilitumika kueleza sababu gani inchi yetu inahitaji bwana. Kila upande ulimuogopa mwenzake kwa neno lile lile la kula. Tofauti ni kwamba upande mumoja ulikuwa na bunduki.

Kwa wale wa pili: babu yenu hakuwa mwongo. Aliona mutu anachukuliwa, au aliona nyumba imefungwa, au alisikia kilio. Lakini chumba cha kunonesha watu hakijapatikana, na sisi walimu hatuna ruhusa ya kuandika ubaoni kitu kisicho na ushuhuda. Tunachoweza kuandika ni kwamba babu aliogopa, na tunaweza kutafuta aliogopa nini.

Kwa hiyo, wakati mwanafunzi analeta hadisi kama hii darasani, tunamupa maswali matatu. Nani alikusimulia, naye alifanya kazi gani? Jambo lilitokea mwaka gani na pahali gani? Wakati ule kulikuwa nini pale: kambi, hospitali, ofisi ya kodi, barabara mupya? Mwanafunzi anayerudi kwa babu yake na maswali hayo, mara nyingi analeta zaidi ya batumbula. Analeta jina la kapita, kipimo cha posho, njia ambayo watu walipita kwa miguu kwenda kambini, jina la mujomba asiyerudi. Mambo hayo hayamo katika vitabu vyetu vya shule, na wale wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka.

Tunaomba basi wasomaji wa kitabu hiki wafanye kazi hiyo katika nyumba zao. Andikeni hadisi za batumbula namna wazee wanavyozisema, katika Kiswahili chao, bila kuzisafisha. Ongezeni mwaka na pahali. Lakini siku mukisikia neno hilo, au jina lingine jipya la namna yake, linaelekezwa kwa mugeni anayepita mu njia, musimameni upande wake mupaka watu watulie. Neno batumbula liliwasaidia mababu kusema juu ya wakati wao. Halikuwasaidia hata siku moja kumujua mutu.